Udhibiti wa kiotomatiki wa bwawa la kuogelea

Udhibiti wa kiotomatiki wa bwawa la kuogelea ni matumizi ya vifaa vya elektroniki kuendesha pampu, hita, vali, taa na mitambo ya dawa za maji katika bwawa au jakuzi la nyumbani, bila mtu kuwasha na kuzima kila kifaa kwa mkono. Mfumo huwa na kidhibiti kinachopokea vipimo kutoka kwenye vihisi, kinavilinganisha na viwango vilivyowekwa, kisha kinatoa amri kwa vifaa. Mwenye nyumba huweza kuuendesha kwa vitufe vya ukutani au kwa programu ya simu janja.

Sehemu kubwa ya kazi hizo hutegemea jambo moja, yaani maji kupita kwenye mabomba. Hita au mitambo ya dawa ikiendelea kufanya kazi wakati maji yamesimama, huweza kuharibika au kudhuru watu. Kwa sababu hiyo mfumo uliofungwa vizuri huthibitisha kwanza kwamba maji yanatiririka, ndipo uruhusu vifaa vingine kuwaka.

Historia

Kifaa cha kwanza cha aina hii kilichoenea kilikuwa saa ya kuwashia pampu, yenye vibanzi vinavyobonyeza swichi saa zilizopangwa. Saa hizo bado zinatumika katika mabwawa mengi.

Jina jakuzi linatokana na ukoo wa Jacuzzi, wahamiaji kutoka Italia walioanzisha kiwanda cha pampu huko California, Marekani. Mwaka 1956 kampuni yao ilitoa pampu ndogo ya kuwekwa ndani ya beseni la kuogea. Candido Jacuzzi aliibuni kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi alitengeneza beseni ambalo pampu na matundu ya maji vilikuwa sehemu ya beseni lenyewe.

Kuendesha vifaa vya nyumbani kutoka mbali kulipata msukumo mwaka 1975, wakati kampuni ya Pico Electronics ya Uskoti ilipobuni X10, utaratibu wa kupitisha amri kwenye nyaya za umeme za nyumba. Baadaye zilikuja kompyuta ndogo, Wi-Fi na simu janja.

Sehemu za mfumo

- Kidhibiti: kisanduku chenye kompyuta ndogo, ambacho kwa kawaida hufungwa karibu na pampu.
- Rilei: swichi zinazowashwa kwa mkondo mdogo ili kupitisha mkondo mkubwa wa pampu, taa au hita.
- Mota za vali: mota ndogo zinazogeuza vali ili kubadilisha njia ya maji.
- Vihisi: hupima joto la maji na la hewa, mtiririko, shinikizo, pH na nguvu ya dawa.
- Njia ya mawasiliano: kidhibiti na pampu mara nyingi huunganishwa kwa nyaya za RS-485, na simu hufikia kidhibiti kupitia Wi-Fi au intaneti.

Pampu na matumizi ya umeme

Pampu ni miongoni mwa vifaa vinavyotumia umeme mwingi zaidi kwenye bwawa. Pampu za zamani zina kasi moja tu, lakini pampu za kasi inayobadilika huruhusu kidhibiti kuchagua kasi inayofaa kila kazi, kwa mfano kasi ndogo ya kuchuja na kasi kubwa ya kusafisha chujio.

Faida yake inatokana na kanuni za pampu. Kiasi cha maji hubadilika sawasawa na kasi, lakini nguvu inayohitajika hubadilika kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikipunguzwa kwa nusu, maji hupungua kwa nusu, ila nguvu hupungua hadi sehemu moja ya nane. Tuseme pampu ya kilowati 1.5 inasukuma mita za ujazo 15 kwa saa. Bwawa la mita za ujazo 60 litapitisha maji yake yote kwa saa 4, na umeme utakaotumika ni kilowati-saa 6. Kwa nusu ya kasi kazi hiyo itachukua saa 8, lakini kwa hesabu ya kanuni hiyo umeme utakuwa kilowati-saa 1.5 tu. Kwa kweli akiba huwa ndogo kidogo, kwa kuwa mota yenyewe hupoteza nishati.

Nchini Marekani, kanuni za serikali kuhusu matumizi ya umeme ya pampu za mabwawa zilianza kutumika tarehe 19 Julai 2021, na zimefanya pampu nyingi mpya kuwa za kasi inayobadilika.

Joto na jakuzi

Katika nyumba nyingi zenye bwawa na jakuzi pamoja, vyote viwili hutumia pampu moja na hita moja. Mtu anapochagua jakuzi, kidhibiti hugeuza vali ya kuvuta maji na vali ya kurudisha maji, huisubiri pampu ifikie kasi yake, ndipo huwasha hita. Vali hizo mbili lazima zigeuke pamoja. Ya kuvuta ikigeuka na ya kurudisha ikakwama, maji ya jakuzi yatamwagwa bwawani hadi jakuzi likauke. Ikiwa kinyume chake, jakuzi litafurika.

Kupasha maji huchukua muda. Jakuzi la lita 1,500 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 40 za selsiasi huhitaji takriban kilowati-saa 35, bila kuhesabu joto linalopotea. Hita ya kilowati 5.5 itahitaji zaidi ya saa 6. Ndiyo maana watu wengi hupenda kuliwasha kwa simu kabla hawajafika nyumbani. Joto la maji halipaswi kuzidi nyuzi 40, kwa kuwa maji ya moto zaidi huweza kusababisha kizunguzungu, kuzimia na kuzama.

Katika nchi za baridi kidhibiti hulinda mabomba pia. Hewa ikikaribia nyuzi sifuri, huwasha pampu ili maji yasigande. Kinga hiyo hutegemea umeme: Februari 2021, wakati wa dhoruba ya baridi kali katika jimbo la Texas, umeme ulikatika na mabomba na vifaa vya mabwawa mengi vilipasuka.

Dawa za maji

Kihisi cha pH huonyesha kiwango cha asidi, ambacho kwa kawaida hushikiliwa kati ya 7.2 na 7.8. Kihisi cha ORP hupima kwa milivolti nguvu ya maji ya kuoksidisha uchafu na vijidudu, na mabwawa mengi hulenga milivolti 650 au zaidi. Kikiona upungufu, kidhibiti huwasha pampu ndogo ya kuongeza klorini au asidi.

Mabwawa mengine hutengeneza klorini yenyewe kutokana na chumvi iliyoyeyushwa, takriban gramu 3 kwa lita, ambayo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari. Maji hupita kati ya mabamba ya titani yenye mkondo wa umeme, na klorini huundwa pamoja na hidrojeni.

Vihisi hivi havitoshi peke yake. Asidi ya sianuriki, inayowekwa ili jua lisiharibu klorini, hushusha kipimo cha ORP, na kihisi chenye uchafu hudanganya. Kidhibiti kinachoamini kipimo kibovu kitaendelea kumwaga dawa, kwa hiyo maji hupimwa pia kwa mkono na vihisi husafishwa mara kwa mara. Jakuzi huhitaji uangalifu zaidi, kwani bakteria wa Legionella hustawi katika maji ya uvuguvugu yasiyo na dawa ya kutosha.

Usalama

Hatari kubwa hutokea pampu kuu inaposimama huku pampu za dawa zikiendelea. Klorini na asidi hukutana ndani ya bomba na kutoa gesi ya klorini, na pampu inapowaka tena gesi hiyo husukumwa kwa waogeleaji. Vivyo hivyo, mtambo wa chumvi ukifanya kazi bila mtiririko hukusanya hidrojeni, ambayo huweza kulipuka. Haitoshi kidhibiti kujua kwamba kimeamuru pampu iwake. Swichi ya mtiririko iliyo kwenye bomba ndiyo inayothibitisha kwamba maji yanapita kweli, nayo inapaswa kukata umeme wa vifaa hivyo moja kwa moja.

Nguvu ya kuvuta ya pampu pia imeua watu walionaswa kwenye tundu la kutolea maji. Marekani ilipitisha sheria ya vifuniko salama vya matundu hayo mwaka 2007, iliyopewa jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7 aliyefariki ndani ya jakuzi mwaka 2002. Baadhi ya mifumo huzima pampu yenyewe ikihisi tundu limezibwa.

Kwa kuwa amri huweza kutoka mbali, fundi anayefanya kazi kwenye vifaa hukata umeme kwenye swichi kuu, si kwenye simu tu. Nyaya zote huhitaji swichi inayokata umeme unapovuja, ambayo katika nchi nyingi za volti 230 huwekwa kwenye miliampea 30. Kidhibiti cha namna yoyote hakichukui nafasi ya uzio, kifuniko na mtu mzima anayewaangalia watoto.

Intaneti na faragha

Baadhi ya vidhibiti hutuma taarifa zote kwenye seva za mtengenezaji. Huduma hiyo ikifungwa, simu hushindwa kukifikia kidhibiti. Watumiaji wengine huunganisha vifaa na programu huria kama Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, ambayo hufanya kazi ndani ya nyumba bila kutegemea intaneti. Kwa vyovyote vile, neno la siri la kiwandani hubadilishwa, na ratiba na kinga za usalama hubaki ndani ya kidhibiti chenyewe ili ziendelee kufanya kazi mtandao ukikatika.

Tazama pia

- Bwawa la kuogelea
- Klorini
- Pampu
- Elektrolisisi