Mkate Uliowaumiza Watoto

Katika miezi ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, nchi ya Uholanzi ilipatwa na njaa kali. Watu wa reli waligoma ili kuwasaidia Waingereza na Wamarekani waliokuja kuwafukuza Wajerumani, na Wajerumani kwa hasira wakazuia chakula kisiingie katika miji ya magharibi. Watu wakala hata mizizi ya maua. Watu kama 20,000 wakafa. Lakini katika hospitali ya watoto ya mji wa Den Haag palionekana jambo la ajabu. Walikuwapo watoto wagonjwa wa tumbo ambao, mkate ulipokosekana, walianza kupata nafuu, na huku watoto wazima wa mji ule walikuwa wakikonda.

Wasomaji wapendwa, sisi sote huomba mkate wetu wa kila siku. Leo nataka kuwasimulia habari za watu ambao mkate wenyewe, mkate wa ngano, ndio unaowaletea ugonjwa, na jinsi jambo hilo lilivyofika hata kwenye meza ya Bwana.

Ugonjwa huo huitwa seliaki. Jina latoka katika neno la Kigiriki koilia, maana yake tumbo, kwa sababu Aretaios wa Kapadokia, mganga wa karne za kwanza baada ya Kristo, aliandika habari za watu ambao chakula kilipita ndani yao bila kuwalisha. Mtoto mwenye seliaki huharisha, tumbo lavimba, mikono na miguu yakonda, wala hakui. Mwaka 1888 Mwingereza Samuel Gee aliueleza vizuri ugonjwa huo, akasema kama kuna kupona, kutapatikana kwa chakula tu. Alisimulia habari za mtoto aliyelishwa kila siku kome wa baharini, akanenepa. Majira ya kome yalipokwisha, ugonjwa ukarudi. Mwaka uliofuata mtoto alikataa kabisa kuwaonja tena.

Halafu, mwaka 1924, mganga Sidney Haas wa New York akatangaza dawa yake: ndizi! Sisi tunaokaa katika nchi ya ndizi tutacheka, lakini watoto wake walipona kweli, na kwa miaka mingi wazazi wa Amerika walitafuta ndizi kama watu watafutavyo kwinini. Kumbe Haas aliwapa ndizi na papo hapo akawakataza mkate. Alisifu kile alichokiweka katika sahani, asitazame kile alichokiondoa. Kosa la namna hiyo si la Haas peke yake. Ni mara ngapi twamsifu mtu kwa dawa aliyotupa, na kumbe tulipona kwa kuacha jambo fulani?

Aliyetazama kile kilichoondolewa alikuwa Willem Karel Dicke, aliyezaliwa mwaka 1905, akawa mkuu wa hospitali ile ya Den Haag mwaka 1936. Wengi husema vita ndivyo vilivyomfundisha. Si hivyo kabisa. Kabla ya njaa ile alikuwa amekwisha kuushuku mkate, na mwaka 1941 alikuwa amekwisha kuandika juu ya kuwalisha wagonjwa bila ngano. Njaa ilikuja kumthibitishia, na mkate uliporudi baada ya njaa, watoto wale wakaugua tena. Basi akapima kwa uvumilivu, mtoto mmoja mmoja, akiwapa ngano na kuiondoa, na mwaka 1950 akaleta kitabu chake katika chuo kikuu cha Utrecht. Pamoja na wenzake van de Kamer na Weijers alionyesha kwamba ubaya watoka katika gluteni.

Gluteni ni nini? Kanda unga wa ngano, kisha uuoshe katika maji. Wanga utakwenda na maji, na mkononi kitabaki kitu chenye kuvutika kama ulimbo. Ndiyo hiyo. Imo katika ngano, na nduguze wamo katika shayiri na katika nafaka ya baridi iitwayo rai. Katika mahindi, mchele, mtama, mihogo, viazi, maharagwe na ndizi haimo. Kwa hiyo bukari na sombe havimdhuru mgonjwa wa seliaki, lakini mandazi na bia ya shayiri vyamdhuru.

Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyweleo vidogo sana vinavyonyonya chakula. Kwa watu waliorithi hali fulani katika damu ya ukoo wao, gluteni yaweza kuwaamsha askari wa mwili, nao wakaupiga utumbo wenyewe, utumbo ukavimba na kuwaka, vinyweleo vikalala chini. Mtu ala lakini hashibi. Siku hizi wataalamu huchunguza pia vijidudu vingi visivyoonekana vikaavyo matumboni mwetu, nao wameona kwamba vya wagonjwa mara nyingi havilingani na vya watu wazima. Lakini matunzo hayajabadilika tangu Dicke: kuacha gluteni maisha yote, hata kipande kidogo. Huko Ulaya mtu kama mmoja katika mia ana ugonjwa huo.

Hapa sharti niseme neno. Kwetu tumbo la mtoto likivimba, mara nyingi ni minyoo au kwashiorkor. Basi wazazi, msimnyime mtoto mkate kwa kuwa mmesoma gazeti, mpelekeni zahanati. Wala msimtafute bibi mzee wa kumshtaki kwamba amemroga.

Sasa, mkristo mwenye seliaki afanye nini mbele ya altare? Sheria ya Kanisa (kanuni ya 924) yataka hostia iwe ya ngano tupu. Unga wa mihogo au wa mahindi haufai. Mwaka 2003 Kardinali Ratzinger, aliyekuwa baadaye Papa Benedikto XVI, aliandika kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali, lakini ile yenye gluteni kidogo sana, ikiwa yatosha kuufanya mkate uwe mkate, ni halali. Mwaka 2017 Kardinali Robert Sarah, Mwafrika mwenzetu wa Guinea, akayakumbusha hayo kwa maaskofu wote.

Na kama hata hiyo kidogo yamdhuru? Hapo mlei apewe Damu ya Bwana peke yake, katika umbo la divai. Mtaguso wa Trento mwaka 1562 ulifundisha kwamba anayepokea umbo moja tu ampokea Kristo mzima. Kwa karne nyingi tulilitumia fundisho hilo kueleza kwa nini waamini hawapewi kikombe. Leo ndilo linalomfariji yule asiyeweza kupokea ila kikombe.

Yafaa tu kikombe chake kiwe cha pembeni, kwa maana katika kile kikubwa padri hutia kipande cha hostia. Basi mwenye shida hiyo amwone padri katika sakristia kabla ya Misa, ili kikombe hicho kiwekwe altareni tangu matoleo.