Istiara katika riwaya ya Kiswahili

Istiara ni mbinu ya kusimulia kisa kizima kwa namna ambayo wahusika, mahali na matukio hubeba maana ya pili chini ya ile ya juu. Hutofautiana na sitiari, ambayo aghalabu huishia katika fungu moja la maneno.

Mfano maarufu ni *Kusadikika* (1951) ya Shaaban Robert (1909–1962). Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Utetezi wake ni visa vya wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta maarifa, kisha wakaadhibiwa waliporudi. Wahakiki wengi huona humo Tanganyika ya kikoloni. Lakini kumfunga msomaji kwenye ufunguo huo mmoja ni kuipunja kazi, kwani utawala unaoogopa kukosolewa haukuondoka na Mwingereza. Majina ya wahusika ni majazi, yaani hutaja tabia zao waziwazi, pengine wazi mno.

Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986, naye aliitumia istiara katika riwaya ya *Walenisi* (1995), akimpeleka mhusika wake Dzombo kwenye sayari yenye jamii ya haki.