Kurasa Mbili za Daktari wa Mbwa

Kuna uvimbe mmoja wa mbwa ambao madaktari wa mifugo wa huku kwetu wanaufahamu vizuri. Hukaa sehemu za siri, mwekundu, umejaa vinundu kama koliflawa, na hutoa damu. Mbwa huambukizana wanapopandana, na wakati mwingine hata kwa kunusana na kulambana. Mbwa wa mitaani ndio wanaoupata zaidi. Ukimwona mbwa huyo utageuza uso, na sikulaumu. Lakini uvimbe huo ni saratani, na kinachohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine si kirusi wala bakteria. Ni seli yenyewe ya saratani inayohama na kuota upya kwenye mwili mwingine.

Historia yake nimeifuatilia kwa muda sasa, na kilichonivuta si uvimbe wenyewe. Ni karatasi: nani aliandika nini, kwa lugha gani, kwenye jarida la nani, na kwa nini waliofuata hawakusoma.

Tuanze St. Petersburg, miaka ya 1870. Mstislav Novinsky alikuwa daktari wa mifugo katika Chuo cha Tiba na Upasuaji. Alichukua vipande vya uvimbe kutoka kwa mbwa wagonjwa akavipandikiza chini ya ngozi ya mbwa wazima, watoto wa mbwa wakiwemo. Majaribio mengi hayakushika. Machache yakashika, uvimbe ukaota, na akaweza kuuhamisha tena kutoka kwa huyo kwenda kwa mwingine. Hapo ndipo upandikizaji wa saratani kutoka mnyama hadi mnyama ulipofanikiwa kwa mara ya kwanza kwa njia inayoaminika. Aliandika tasnifu nzima kwa Kirusi, ikatoka 1877. Mwaka mmoja kabla, taarifa fupi ilikuwa imechapishwa kwa Kijerumani katika jarida la kitabibu lililosomwa Ulaya nzima. Ilikuwa na kurasa mbili tu.

Halafu kimya.

Mwaka 1889 Arthur Hanau akahamisha saratani kati ya panya, akaandika kwa Kijerumani, na kwa miaka mingi vitabu vikamtaja yeye kama mwanzilishi. Ilibidi Mrusi mwingine, Leon Shabad, aandike kitabu kuhusu Novinsky karibu mwaka 1950, na Mmarekani Michael Shimkin akafuata na makala kwenye jarida la Cancer mwaka 1955, ndipo wasomaji wa Kiingereza wakapata habari. Miaka karibu themanini ilikuwa imepita.

Wengi husema tatizo lilikuwa lugha, yaani Kirusi hakikusomwa. Mimi nakubali nusu tu. Ile taarifa ya Kijerumani ilikuwepo, ingawa fupi, na aliyetaka kuiona angeiona. Nadhani kilichomponza zaidi Novinsky ni cheo. Alikuwa daktari wa mbwa na farasi, na mabwana waliotibu binadamu walikuwa na rafu zao za majarida. Ukuta huo kati ya rafu mbili upo mpaka leo, hata kama sasa kila kitu kiko mtandaoni. Uliza mwanafunzi wa udaktari ni lini mara ya mwisho alifungua jarida la mifugo.

Sasa twende New York, mwaka 1906. James Ewing na S. P. Beebe wa Cornell walikuwa wakichunguza uvimbe huuhuu wa mbwa, ambao Mjerumani Anton Sticker alikuwa ameueleza kwa kirefu miaka hiyohiyo, hadi wengine wakaupa jina lake. Waliokuwa wakiuchunguza waliona jambo la ajabu. Mara nyingi uvimbe ulikua, ukafika kimo fulani, kisha ukaanza kunywea wenyewe bila dawa. Na mbwa aliyepona, ukimpandikiza tena, ulikataa kushika.

Mwaka 1908 Beebe akashirikiana na George Crile, daktari wa upasuaji wa Cleveland aliyekuwa bingwa wa kuongeza damu. Wakawatoa damu mbwa wenye uvimbe na kuwatia damu ya mbwa waliokuwa na kinga dhidi yake. Wakaandika kwamba uvimbe wa baadhi yao ulinywea. Hebu soma tena sentensi hiyo, msomaji. Ni 1908, na watu wanajaribu kuhamisha kinga dhidi ya saratani kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Leo tungeliita jambo hilo tiba ya kinga.

Kinachonichekesha kidogo, na kunihuzunisha, ni huyu Ewing. Katika mji huohuo William Coley alikuwa akiwachoma wagonjwa wa saratani sindano za bakteria, kazi aliyoianza 1891, akitumaini kuuamsha mwili upigane. Mpinzani wake mkubwa hospitalini alikuja kuwa nani? Ewing huyohuyo, aliyeweka imani yake kwenye tiba ya mionzi. Simlaumu moja kwa moja, kwa sababu rekodi za Coley zilikuwa vurugu, na dawa yake ilibadilika kila mara. Lakini ni mtu aliyesoma uvimbe wa mbwa unaoshindwa na mwili wenyewe, na kwa binadamu hakuona sababu ya kulifuatilia wazo hilo.

Jibu la fumbo la Novinsky lilikuja mwaka 2006, katika jarida la Cell. Claudio Murgia, Robin Weiss na wenzao wa London walilinganisha vinasaba vya uvimbe na vya mbwa walioubeba. Sampuli zilitoka kwa mbwa 40 katika mabara matano, na wengine walikuwa mbwa wa Kenya. Kila uvimbe ulikuwa tofauti na mbwa aliyeubeba, ila vimbe zote zilikuwa ndugu. Mbwa mmoja alipata saratani zamani sana, akafa, na seli zake hazikufa naye. Mwaka huo walikisia umri wa kati ya miaka 200 na 2,500. Mwaka 2014 kundi la Elizabeth Murchison likasema takriban 11,000. Mwaka 2019, kwa sampuli 546, wakarudi wakasema kati ya 4,000 na 8,500. Wapo wanaocheka wanasayansi wakibadili namba hivi. Mimi naona hapo ndipo majarida yanapofanya kazi yake: kosa linasahihishwa hadharani, na tarehe juu yake.

Na kwa nini mwili hauikatai seli ya mgeni tangu mwanzo? Kwa sababu inaficha vile vitambulisho vya juu ya seli ambavyo kinga husoma ili kujua nani ni wa nyumbani. Baadaye vitambulisho vinaanza kuonekana, askari wa kinga wanaingia, uvimbe unanywea. Saratani nyingi za binadamu nazo hujificha kwa hila kama hiyo.

Kuna wakati ukuta kati ya rafu mbili ulitobolewa. Gregory MacEwen, daktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliwatibu mbwa wenye saratani ya mfupa ambao tayari walikuwa wamekatwa mguu. Wengine walipewa dawa ya kuamsha kinga iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, wengine dawa bandia. Nusu ya waliopata dawa bandia walikuwa wamekufa ndani ya siku 77. Kwa waliopata dawa yenyewe, zilikuwa siku 222. Matokeo hayakuwekwa kwenye jarida la mifugo. Yalitoka 1989 katika jarida la Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, pale ambapo madaktari wa watoto wenye saratani ya mfupa wangeyakuta. Dawa hiyo, mifamurtide, ilikataliwa Marekani mwaka 2007. Ulaya iliidhinishwa 2009, kwa watoto na vijana, miaka 20 baada ya wale mbwa.