Uso Mpya wa Kompyuta katika Nyumba za Kibosho

Kibosho ipo mteremkoni mwa Kilimanjaro, kati ya Machame na Uru, na msafiri atokaye Moshi mjini huifikia kwa kupanda katikati ya migomba na mibuni. Kila kihamba hapo kina mpaka wake, na mpaka wenyewe aghalabu si ukuta wala seng'enge, bali ni safu ya masale, mmea ambao Wachagga wameuheshimu tangu zamani, hata mtu akitaka kuomba radhi hupeleka jani lake kwa yule aliyemkosea. Mwenye kihamba hahitaji ramani. Ajua kwa miguu yake pahali mfereji upitapo na pahali shamba la jirani lianziapo, ijapokuwa ni usiku. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa habari ifuatayo ni ya watu waliojifunza kompyuta kwa namna hiyo hiyo, yaani kwa kukumbuka pahali na si kwa kusoma majina, kisha wakaona masale yamehamishwa.

Kazi ya maandishi si ngeni Kibosho. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo mwaka 1893, miaka 2 tu baada ya vita vya Wajerumani na Mangi Sina. Na KNCU ilipoandikishwa mwaka 1933, vyama vya msingi vya kahawa vilihitaji makarani, mizani na majalada. Taipureta, ilipopatikana, ilikuwa chombo cha kuaminika. Herufi zake zilikwisha pangwa huko Marekani tangu miaka ya 1870, na karani aliyejifunza kwa mashine moja aliweza kuketi mbele ya nyingine, mpya au kuukuu, vidole vyake visipotee.

Kompyuta ilichelewa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ingawa amri hiyo ililegezwa baadaye, watu wengi wa mlimani hawakuigusa kompyuta mpaka karne ya 20 ilipokuwa ikiisha, ama hata baada ya hapo. Baadhi ya mashine zilizofika majumbani zilipanda mlima kama yapandavyo mambo mengi ya Uchaggani, yaani mwezi wa Desemba, wakati wana walioko Dar es Salaam na Arusha warudipo kula Krismasi kwa wazazi wao. Mashine iliyotumika ofisini miaka kadhaa ikawa zawadi ya baba aliyestaafu ualimu, au ya mama atunzaye hazina ya kikundi.

Kwa kuchelewa huko, wengi walikuta uso wa kompyuta umekwisha tulia. Wazo la kuufananisha uso huo na meza ya ofisi, yenye majalada yake, lilikuzwa na wataalamu wa Xerox huko California katika miaka ya 1970, likaenea kwa Macintosh ya mwaka 1984. Na Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ikaweka kitufe katika pembe ya chini kushoto, chenye neno Start. Kitufe hicho kilikaa hapo miaka 17. Mmarekani aliyeanza na kompyuta ya nyumbani katika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha badilishiwa uso mara kadhaa, naye amezoea kusumbuliwa. Mwalimu wa Kibosho aliyeanza na Windows XP hakuwahi kuhamishiwa kitufe hicho hata mara moja. Kwake yeye huo haukuwa uso mmojawapo wa kompyuta. Ndiyo kompyuta yenyewe.

Tena alijifunza kwa lugha ya tatu. Nyumbani alisema Kichagga cha Kibosho, darasani Kiswahili, na mashine ikamsemesha Kiingereza. Si kwamba hapakuwa na juhudi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice, na mwaka huo huo Microsoft ilitangaza kazi ya kuitafsiri Windows. Wataalamu wakajadiliana juu ya tarakilishi na ngamizi, kipanya na puku. (Wasomi wa Kiswahili hupenda kugombania majina, na hilo si kosa.) Walakini mashine iliyotoka ofisini ilikuja na Kiingereza cha ofisi ile, na mtumiaji wake hakusoma Start, alikwenda pembeni tu. Neno lilikuwa alama, kama isale.

Tarehe 26 Oktoba 2012 ikatoka Windows 8, na kitufe kikaondolewa. Mahali pa orodha ya zamani pakawa na vigae vya rangi, vilivyobuniwa hasa kwa kuguswa kwa kidole, na hata kuzima mashine kulihitaji kupeleka mshale kwenye pembe ya kulia ili ukanda uliofichwa utokee. Na afikiriwe mama mtunza hazina, ambaye mwanawe amembadilishia mashine wakati wa Krismasi, kisha akarudi Dar es Salaam baada ya Mwaka Mpya. Mafunzo sasa ni kwa simu. "Mama, peleka mshale pembeni kulia." "Pembeni ipi, mwanangu? Hapa naona rangi tupu." Wanakikundi wamekaa barazani wakingoja hesabu ya akiba zao. Fedha haikupotea hata senti, na hesabu zimo ndani salama. Lakini aliyeaminiwa kuzitunza sasa hana budi kumwita mjukuu aje kuzifungua, na mjukuu ndiye azionaye kwanza. Hasara hiyo haikuandikwa popote, kwa sababu wenyewe waliiona kuwa ni ujinga wao, nayo haikuwa hivyo.

Waundaji walisikia malalamiko ya dunia. Oktoba 2013 kitufe kikarudishwa, na Julai 2015 Windows 10 ikairudisha orodha yenyewe, ikatolewa bure kwa mwaka mmoja. Bure, ila kuipakua kulihitaji gigabaiti kama 3, na anunuaye intaneti kwa vifurushi vya simu ajua maana yake. Watumiaji wa Ubuntu, ambao nao walibadilishiwa uso Aprili 2011, walipitia yayo hayo.

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ilikihamishia kitufe katikati ya ukingo wa chini. Ajuaye aweza kukirudisha kushoto kwa dakika moja. Lakini lazima kwanza ajue kwamba chaweza kurudishwa, na habari za namna hiyo hufika Kibosho mwezi wa Desemba.