Elfu moja kwa wiki, kwa nani? Historia ya msaada wa korona mitaani Nairobi

Aprili 2025 ilitimia miaka mitano tangu vijana wa Mathare, Kibera, Mukuru na Korogocho wapewe mafagio, reki na gambuti, waanze kuzibua mitaro kwa malipo ya serikali. Mpango huo uliitwa Kazi Mtaani. Katika misaada yote iliyotolewa na serikali ya Kenya wakati wa korona, huo ndio unaokumbukwa zaidi, kwa kuwa kazi yake ilionekana kwa macho: vichaka vilivyofyekwa, kuta zilizopakwa rangi, na vichochoro vilivyozibuliwa baada ya kuziba miaka mingi.

Ulikuwepo msaada mwingine ambao haukuonekana. Ni shilingi 1,000 kwa wiki, zilizotumwa kwa simu kwa familia maskini kuanzia Aprili 2020. Historia ya msaada huo inastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu unaonyesha mahali serikali ilipoteleza, na mahali inapoweza kuteleza tena kesho.

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Kafyu ilianza Machi 27. Aprili 6 eneo la jiji la Nairobi likafungwa, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale. Hayo yanajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba kafyu ilipoanza, serikali ilikuwa tayari imetangaza unafuu wa kiuchumi. Machi 25, Rais Uhuru Kenyatta alisema kila anayelipwa shilingi 24,000 au chini yake kwa mwezi hatakatwa kodi ya mapato hata senti. Kiwango cha juu cha kodi hiyo, pamoja na kodi ya faida ya makampuni, kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25. Ushuru wa VAT ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Rais na naibu wake walikubali kukatwa asilimia 80 ya mishahara yao. Wiki iliyotangulia, Safaricom ilikuwa imeondoa ada ya kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, ili watu wapunguze kushikana noti mikononi.

Zilikuwa hatua za haraka na za maana. Lakini unafuu wa kodi humfikia mwenye hati ya mshahara, na wengi mitaani hawana. Mama mboga, fundi wa mjengo, dobi anayefua nyumba kwa nyumba, makanga wa matatu, wote hawa hawakuwa na kodi ya mapato ya kupunguziwa. Kilichowapata ni kwamba kafyu ya saa moja jioni iliwakata saa za biashara, na waajiri waliokuwa wakiwaita siku moja moja wakafunga mageti kwa hofu ya ugonjwa.

Kwa watu hao, rais alitenga shilingi bilioni 10 siku hiyo hiyo. Fedha zilikuwa za wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Tatizo likawa kuwajua ni akina nani na wanapatikana wapi.

Kenya haikuanza na mikono mitupu. Ruzuku ya fedha kwa familia zinazolea mayatima ilianza kwa majaribio mwaka 2004. Baadaye zikafuata za wazee na za wenye ulemavu mkubwa, na nyingine kwa ajili ya kaunti kavu za kaskazini: Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Zote hizo leo watu huzijua kwa jina la Inua Jamii. Mwaka 2018 ruzuku ya wazee ilipanuliwa ili kumfikia kila aliyefikisha miaka 70, kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Ni kazi ya kujivunia. Lakini majina yaliyokuwa kwenye orodha hizo yalikuwa ya bibi wa Kitui na yatima wa Siaya. Kijana wa miaka 28 anayepanga chumba cha mabati Mukuru kwa Njenga, mzima wa afya ila hana kibarua, hakuwemo kwenye orodha yoyote.

Ombwe hilo lilijulikana kwa uchungu Ijumaa Kuu, Aprili 10, 2020. Habari zilienea Kibera kwamba unga na mafuta ya kupikia yatagawiwa katika ofisi ya mkuu wa tarafa. Maelfu ya watu walifika. Hapakuwa na foleni ya maana wala majina yaliyoandikwa mapema, na hakuna aliyejua chakula kingetosha watu wangapi. Umati ulisukuma geti. Polisi walirusha vitoa machozi, akina mama wakaanguka na kukanyagwa, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Watu wengi waliumia, na wakazi wakasema wapo waliokufa. Picha za siku hiyo zilizunguka dunia nzima, na serikali ikaamuru wafadhili wasigawe tena chakula kiholela bali wapitie kamati rasmi.

Upande wa kaunti mambo hayakuwa shwari. Mwezi uliotangulia, majukumu makubwa ya Kaunti ya Nairobi yalikuwa yamehamishiwa shirika jipya la NMS chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, na Gavana Mike Sonko akabaki na ofisi isiyo na nguvu. Katikati ya Aprili, Sonko alitangaza kwamba mifuko ya chakula anayowapelekea wakazi itakuwa na chupa ndogo za Hennessy, akidai pombe inaua virusi kooni. Kampuni inayotengeneza kinywaji hicho ililazimika kutoa taarifa kwamba kukinywa hakumkingi mtu na korona. Jiji lililokuwa limeshuhudia watu wakikanyagana kwa ajili ya unga halikustahili kuambiwa hivyo na gavana wake. Wakati huo huo, kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, kilichoanzishwa chini ya Gavana Charity Ngilu, kilikuwa kimegeuza vyerehani vyake kushona barakoa na kuwapa mafundi wake kazi ya kutwa. Nacho kilikuwa mali ya serikali ya kaunti.

Baada ya Kibera ilibainika kwamba njia salama ni simu. Mkenya maskini anaweza kukosa choo, lakini laini ya M-Pesa anayo, au ipo nyumbani kwao. Shilingi 1,000 zikitumwa kila wiki, hakuna geti la kusukumwa. Elfu hiyo haikutosha kodi ya chumba. Ilitosha pakiti kadhaa za unga wa ugali, wakati ambapo pakiti ya kilo 2 ilikuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 100, na ikabaki ya mafuta ya taa, sukumawiki na maji ya mtungi. Kwa aliyeipata, ilikuwa tofauti ya kula na kulala njaa.

Sasa turudi kwenye orodha. Kazi ya kuandika majina ilipewa wazee wa nyumba kumi na wazee wa mtaa, nao wakayapeleka kwa chifu na naibu wake. Nyumba kumi haikuundwa kwa kazi hiyo. Ilihimizwa nchi nzima baada ya shambulio la Westgate la 2013 ili majirani wajuane na kuripoti wageni wanaotia shaka. Ofisi ya chifu nayo ina mizizi mirefu zaidi. Ilitokana na sheria ya wakoloni ya 1902 iliyoweka wakuu wa vijiji, na kwa vizazi vingi ndiyo iliyokusanya kodi, ikatoa vibali na kugawa chakula cha njaa, ikiwemo ile ya 1984 ambayo wazee wanaikumbuka kwa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Chifu amezoea kuripoti juu, kwa serikali iliyomteua. Hakuzoea kubandika ukutani majina ya waliosaidiwa ili majirani wayasome.

Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 ndiyo iliyofuatilia kwa undani kilichotokea. Kati ya Aprili na Novemba 2020, kaya takriban 29,000 ndizo zilizofikiwa na fedha hizo kati ya zaidi ya 600,000 zilizomo katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Ni chini ya kaya moja kwa kila 20. Vigezo vilikuwepo: wajane, mayatima, wenye ulemavu, wenye maradhi ya kudumu, na wasiopokea mshahara wala ruzuku nyingine. Lakini wengi mitaani hawakuambiwa vigezo hivyo, wala hawakujua kwamba mpango upo. Ripoti ilieleza kwamba baadhi ya waliopewa kazi ya kuandikisha waliandika ndugu na marafiki zao. Wapo waliotoa nambari ya kitambulisho na ya simu wakasubiri hadi mpango ukaisha bila kupokea ujumbe wowote. Wapo waliolipwa wiki chache, kisha fedha zikakatika bila maelezo.

Ni vigumu kusema huo ulikuwa ubaya wa mzee mmoja wa mtaa. Mzee huyo alipewa nafasi chache kwa ajili ya watu wengi, bila mshahara, bila mtu wa kumkagua, na bila dawati la malalamiko. Yeyote angewekwa hapo angeandika kwanza anaowajua. Lawama ni za waliounda mpango wa mabilioni na kuuacha utegemee daftari ambalo umma haukuruhusiwa kulisoma.

Kazi Mtaani ilipita njia nyingine. Ilianza Aprili 29, 2020 chini ya Idara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, na awamu ya kwanza ikachukua vijana zaidi ya 26,000 katika kaunti nane. Julai mwaka huo ikaenea kaunti zote 47, ikachukua zaidi ya 270,000 kwa bajeti ya shilingi bilioni 10. Malipo ya siku yalikuwa shilingi 455, na msimamizi 505, na vijana wakafanya kazi kwa zamu ili wengi wapate. Kulikuwa na manung'uniko hapa pia, hasa malipo yalipochelewa. Lakini anayefagia barabara hawezi kufichwa. Majirani walijua nani yuko kazini, nani hayupo, na nani ameandikwa ilhali hajawahi kushika koleo. Mwanga huo ulisaidia.

Wazo lenyewe si geni. Kazi Kwa Vijana ya Waziri Mkuu Raila Odinga ilianza mwaka 2009, ikaingia katika mzozo wa matumizi ya fedha mwaka 2011. Mwaka 2014 vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) waliletwa Kibera kufungua barabara na kujenga vyoo, na mwaka uliofuata ikafichuka kashfa ya shilingi milioni 791 katika shirika hilo. Kila serikali huanzisha mpango wake na kuupa jina jipya, kisha inayofuata huuzika bila kuangalia ulifaa wapi.

Serikali iliyokuwa ikilipa vijana wasafishe mitaa ndiyo hiyo hiyo iliyoruhusu tingatinga kuingia Kariobangi Mei 4, 2020. Maelfu ya watu walibomolewa nyumba katikati ya kafyu na msimu wa mvua, licha ya amri ya mahakama. Na wakati familia zikingoja elfu moja, mamlaka ya dawa KEMSA ilitumia shilingi bilioni 7.8 kwa ununuzi wa vifaa vya korona uliokuja kutiliwa shaka na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu.

Yaliyofuata ni mafupi. Mei 23, 2020 ulitangazwa mpango wa kuinua uchumi wa shilingi bilioni 53.7, uliogusa walimu, wakulima, hoteli na barabara. Januari 1, 2021 VAT ilirudi asilimia 16 na kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikarudi asilimia 30, ingawa msamaha wa wanaolipwa shilingi 24,000 ukabaki. Oktoba 2021 zilitengwa bilioni 10 nyingine kwa awamu ya tatu ya Kazi Mtaani. Baada ya uchaguzi wa 2022 mpango ukakoma, na vijana wakaambiwa wataelekezwa kwenye ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Mwaka 2024 wengine wakachukuliwa na mpango mpya wa kusafisha Mto Nairobi.

Mwaka huo huo wa 2024 ndipo swali la orodha lilipojirudia. Mafuriko yalipobomoa makazi ya kando ya mito, Rais William Ruto alifika Mathare Mei 6 na kuahidi shilingi 10,000 kwa kila familia itakayohamishwa. Kilichohitajika tena ni majina, kwa haraka, katika mitaa ile ile.

Serikali ina muda wa kulitengeneza hili kabla ya janga jingine, na halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kila wadi ya mjini iwe na orodha ya wasiojiweza inayohuishwa kila mwaka, na vibarua wa mjini wawemo. Idadi ya nafasi na vigezo vitangazwe kwa Kiswahili redioni na kwenye bango la ofisi ya chifu. Malalamiko yapokelewe na mtu asiyekuwa chini ya aliyeandika majina. Na Mkaguzi Mkuu apewe orodha hizo azikague fedha zikiwa bado zinatumwa, asisubiri mwaka upite.

Bunge la Kaunti ya Nairobi na wabunge wa mitaa hiyo wanaweza kuanza na hatua moja: kudai orodha ya kaya zile 29,000 za 2020 ikaguliwe, ili ijulikane ni ngapi kati yake zilizostahili.