Myumbo, Si Machafuko

Mwishoni mwa Septemba 2022 mzee mmoja wa Tanga alisikia redioni kwamba "machafuko ya kisiasa yameangusha pauni ya Uingereza". Akakiacha kikombe chake cha kahawa barazani, akaingia ndani kutafuta simu. Mjukuu wake alikuwa anasoma Leicester.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Uko wapi? Usitoke nje."

"Niko chumbani, babu, nasoma. Kwani kuna nini?"

"Si huko kuna machafuko?"

"Huku? Huku mvua tu, babu."

Kuhusu pauni, mtangazaji alisema kweli. Tarehe 23 Septemba Waziri wa Fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza kupunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45 bila kueleza pengo lingezibwa na nini. Siku tatu baadaye pauni ilishuka hadi karibu dola 1.03, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Tarehe 28 Benki Kuu ikajitosa kununua hatifungani za serikali ili mifuko ya pensheni isizame. Kwarteng alifukuzwa 14 Oktoba, na siku sita baadaye Waziri Mkuu Liz Truss akatangaza kujiuzulu. Mwaka ule mmoja Uingereza ilikuwa na mawaziri wa fedha 4. Mambo makubwa, tena ya hasara, lakini hayakumzuia mwanafunzi wa Leicester kwenda dukani kununua mkate. Mzee alielewa Kiswahili sawasawa. Aliyekosea ni yule aliyemchagulia neno.

Machafuko yana mahali pake. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yalikuwa machafuko: watu zaidi ya 1,100 waliuawa, reli ikang'olewa Kibera, Uganda ikapungukiwa mafuta kwa kuwa njia ya Mombasa ilifungwa. Uchumi uliokuwa umekua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata. Anayeliita hilo machafuko na lile la London machafuko amempokonya msomaji uwezo wa kutofautisha damu na tangazo la kodi.

Kamati moja ya istilahi iliona kasoro hiyo na ikaja na dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa: "ukosefu wa utulivu wa kisiasa". Maneno matano kwa dhana moja, na yote yanaeleza kisichokuwapo. Mwandishi wa makala haya alikuwa na haki ya kutarajia kwamba watu wanaolipwa posho kwa kazi ya maneno wangejaribu kukitumia walichokiunda katika sentensi mbili tatu kabla ya kukipigia muhuri. Nchi yenye hali hiyo iitwe nini? "Nchi yenye ukosefu wa utulivu wa kisiasa." Na anayeileta hali hiyo anafanya nini? "Anasababisha ukosefu wa utulivu wa kisiasa." Msomaji anaishiwa pumzi kabla ya kufika kwenye kitenzi.

Neno lipo, na lilikuwapo siku zote: myumbo.

Anayetaka kuona linavyofaa aangalie Afrika Kusini, Jumatano ya tarehe 9 Desemba 2015. Jioni ile ofisi ya Rais Jacob Zuma ilitoa taarifa fupi kwamba Nhlanhla Nene, Waziri wa Fedha tangu Mei 2014, anaondolewa. Nafasi yake ilipewa David van Rooyen, mbunge wa viti vya nyuma ambaye masoko hayakumfahamu. Hapakuwa na maandamano, hapakuwa na risasi. Lakini randi ilianza kuteremka usiku ule ule, na kabla ya wiki kwisha iligusa 16 kwa dola moja. Hisa za benki ziliporomoka. Riba ambayo wakopeshaji waliidai kwenye hatifungani za serikali za miaka kumi ilipanda kutoka chini ya asilimia 9 hadi zaidi ya 10. Shirika la PIC, linalosimamia akiba ya pensheni ya watumishi wa umma, liliona thamani ya mali zake ikipungua kwa takriban randi bilioni 100 ndani ya siku mbili. Hiyo ni akiba ya walimu na wauguzi, si ya matajiri wa London. Jumapili usiku Zuma akamwondoa van Rooyen na kumrudisha Pravin Gordhan. Mawaziri wa fedha watatu katika siku nne.

Nchi ilikuwa tulivu. Kilichoyumba ni usukani. Mkopeshaji aliyekuwa amekubaliana na Nene Jumatano asubuhi hakujua Alhamisi atakubaliana na nani, wala huyo atakayemkuta atadumu hadi lini. Kwa hiyo akadai riba kubwa zaidi ili kufidia kutojua kwake. Na hata Gordhan aliporudi, wasiwasi haukuisha, kwa sababu chombo kilichoyumba mara moja hutazamwa kwa jicho jingine. Machi 2017 Gordhan alikuwa London akizungumza na wawekezaji hao hao pale Zuma alipomwamuru arudi nyumbani. Usiku wa tarehe 30 akafutwa kazi. Tarehe 3 Aprili wakala wa kupima mikopo S&P ulishusha hadhi ya mkopo wa Afrika Kusini wa fedha za kigeni hadi chini ya kiwango cha uwekezaji, na wakala mwenzake, Fitch, ukafuata siku nne baadaye.

Sasa neno lenyewe. Yumba si mkopo wa Kiarabu wala wa Kiingereza. Mnazi unayumba kwenye upepo wa kusi, jahazi linayumba likipigwa ubavuni, mlevi anayumba njiani, na timu iliyouza kipa wake inayumba msimu mzima. Katika yote hayo kitu hakijaanguka. Bado kimesimama, ila anayekitazama hawezi kusema kitaegemea wapi dakika ijayo. Hapo ndipo penye kiini cha dhana, na hakuna neno jingine linalokigusa. Mtikisiko tumekwisha kuutoa kwa tetemeko na kwa uchumi wa dunia wa 2008, na hubeba maana ya pigo la ghafla. Msukosuko humpata abiria, myumbo hukipata chombo. Utulivu ni tabia: mtoto ni mtulivu, darasa ni tulivu, hata nchi iliyofungwa midomo huwa tulivu. Mwekezaji haulizi kama watu wamenyamaza, anauliza kama kilichoahidiwa jana kitakuwapo kesho, na hilo huitwa uthabiti.

Umbo lake nalo halina ugeni. Fumuka ikatupa mfumuko wa bei, poromoka ikatupa mporomoko, dorora ikatupa mdororo, simama ikatupa msimamo. Yumba inatupa myumbo, na inaketi mezani na ndugu zake bila kuulizwa ilikotoka. Tena kitenzi chake hufanya kazi ambayo yale maneno matano hayatafanya kamwe: randi iliyumba, Zuma aliiyumbisha, walimu waliyumbishiwa pensheni yao, na serikali ya Uingereza ikayumbayumba kwa mwaka mzima. Nani alitenda, nani alitendewa, na ni mara ngapi, vyote vimo ndani ya kitenzi kimoja. Hata siasa yenyewe, neno tulilolipata kwa Waarabu, kwao linatokana na kazi ya kumtunza na kumwongoza farasi, na kwa wazee wa pwani kwenda kwa siasa kulimaanisha kwenda taratibu na kwa uangalifu. Myumbo ni kinyume halisi cha siasa katika maana hiyo ya kale.

Yupo mtaalamu anayeipigania "sintofahamu", na vyombo vya habari vimemfuata. Mwandishi anampinga kwa moyo wote. Sinto- ni "sita-" katika usemi wa pwani, yaani mtu anasema "mimi sitafahamu". Sentensi ya nafsi ya kwanza imegeuzwa nomino, ikatumika kwa ugomvi wa mke na mume, kwa foleni ya kituo cha mafuta, na sasa kwa hazina za mataifa. Tena wakopeshaji wa Johannesburg walifahamu vizuri mno usiku ule wa tarehe 9. Ndiyo maana waliuza.

Na hoja ya kwamba myumbo linafanana na nyumbu, iliyotolewa kwenye kikao cha kamati ile na mtu mzima, tena mbele ya maprofesa, ilimuumiza mwandishi kuliko kura iliyolikataa neno lenyewe. Mgomo unafanana na mgomba, na hakuna mfanyakazi aliyewahi kwenda kugoma shambani kwa sababu hiyo.

Matumizi hayana ugumu: ngeli ya M-MI, myumbo huu, miyumbo hii, myumbo wa uongozi kwa wanaobadilishwa ovyo, myumbo wa sera kwa kinachobadilika, ada ya myumbo kwa ile riba ya ziada ambayo mkopaji hutozwa.

Rasimu ya faharasa ambayo mwandishi aliipeleka kwa kamati ilirudi kwake na mstari mwekundu juu ya neno hilo, na pembeni pameandikwa "lugha ya mitaani". Ni kweli limetoka mtaani. Muuza mitumba wa Tandale akiamka na kukuta bei ya mtumba imepanda kwa kuwa dola imepanda, husema "mambo yameyumba", na kila aliye kibandani humwelewa. Rasimu ya pili itapelekwa mwezi ujao, na myumbo litakuwa pale pale lilipokuwa, baada ya mwongozo na kabla ya mzunguko wa fedha.