Neti kuukuu na pasheni za Mbinga

Wadau, kuanzia Mbinga mpaka Mbamba Bay utakuta neti kuukuu bustanini. Nyingine zinazuia kuku, nyingine zimefungwa kwenye fito ili pasheni na maharage ya kutambaa yapande. Wapo wanaosema eti watu wa kijijini hawajui matumizi ya neti. Mimi nakataa.

Tuangalie historia. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza neti zenye dawa ya kudumu. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo, wajawazito wakanunua neti kwa bei nafuu. Kati ya 2009 na 2011 zikagawiwa bure kwa mamilioni nchi nzima. Lakini neti haidumu milele. Ikishachanika sana haizuii mbu vizuri, ila nyuzi zake bado ni imara. Mama wa nyumbani hatupi kamba ya bure! Zamani mharage ulipandia bua la hindi au fito, na fito ni mti uliokatwa. Kwenye milima ya Umatengo, ambako watu huchimba ngoro kuzuia mmomonyoko, kila mti una thamani.

Kosa lipo kwingine: neti mpya kuvulia usipa Ziwa Nyasa. Hiyo inakomba hadi vifaranga vya samaki, na mtoto analala bila kinga.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu, muulize kwanza: neti ya kulalia ipo kitandani? Kama ipo, muache avune pasheni zake.